Faili la Mapazia ya Rola

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amerudi kutoka kazini saa mbili asubuhi. Amevua viatu, amelala, ameamka. Jumla: dakika arobaini. Jua la chumbani kwetu halina adabu, linaingia bila hodi mpaka kitandani. Blanketi nililopigilia dirishani limeanguka tena, safari hii na misumari yake na kipande cha plasta.

Ni muuguzi. Mwezi wa tano sasa yuko zamu ya usiku wodini. Hapa uani wote wanamwita Sista, hata wanaomzidi umri. Mchana analala na mtandio umefungwa machoni. Leo amenieleza jambo. Juzi alfajiri aliandika dawa ya mgonjwa wa kitanda cha nne kwenye karatasi ya kitanda cha tano. Mwenzake akaliona kosa mapema, hakuna aliyedhurika. Lakini tangu hapo, anasema, kila karatasi anaisoma mara tatu.

Kisha akatoa agizo. Mapazia ya rola, yale yanayovutwa kwa mnyororo na kujikunja juu kama mkeka. Aliyaona ofisini kwa daktari. La chumbani kwanza, la sebuleni tukiweza. "Nataka giza," amesema. "Sitaki maua wala urembo. Giza." Mimi nichague na nisimamie, yeye hana nguvu ya kuzunguka madukani. Giza lisipopatikana kufikia Jumamosi ya wiki ijayo, anahamia kwa dada yake, ambaye ana chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimefungua faili. Mimi ni karani wa masijala, mwaka wa kumi na tisa. Jambo lisilo na faili halipo duniani.

Kumbukumbu nyingine, haihusiani: uchaguzi wa mwenyekiti wa wapangaji ni Jumapili tarehe 16. Wagombea wawili: mimi, na Fundi Saa wa jengo la mbele. Nimekuwa katibu vipindi vitatu. Nimeandika kila muhtasari, hata wa ule mkutano ambao hakuja mtu. Sasa ni zamu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Duka la mapazia. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye utepe wa kupimia shingoni. Nimemwita Mama Mapazia, hakukataa. Kitabu chake cha sampuli kizito kuliko rejista yetu ya barua.

Alinionyesha kitambaa cha giza. Alikishika mbele ya taa ya meza, taa ikapotea. Giza totoro. Kazi ingeishia hapo, nirudi nyumbani. Lakini akafunua ukurasa wa pili: kitambaa cha wavu, chenye matundu madogo madogo. Alikitundika mlangoni, akaniambia nitazame barabarani. Nikaona kila kitu: muuza magazeti, baiskeli, mtu anajikuna. Akanitoa nje nitazame ndani. Sikuona hata kaunta. Mchana, akasema, uliye ndani unawaona, walio nje hawakuoni.

Moyo ulinidunda! Dirisha la chumbani kwetu linatazamana na la Fundi Saa. Kila siku anapokea watu. Ni akina nani? Wanaahidiana nini? Mgombea makini hawezi kwenda kwenye kura macho yamefumba.

Mama Mapazia alikuwa ameanza sentensi nyingine, kitu kuhusu taa zikiwashwa jioni. Nikamkata kwa heshima zote. Nilimwambia mimi maandishi madogo ndiyo riziki yangu, sihitaji kusomewa. Akachukua kalamu.

Mpango ni huu. Giza liende sebuleni, ambako jua la alasiri linaua picha ya runinga wakati wa mpira. Wavu uende chumbani. Vyote viwili rangi ya kijivu, vikikunjwa juu hata fundi hawezi kuvitofautisha. Stakabadhi inasema: giza moja, wavu mmoja. Fomu ya oda ilikuwa na safu ya "chumba". Nimeandika A kwa giza, B kwa wavu. Mke wangu akiuliza, giza limenunuliwa, karatasi ipo. Karatasi haikudanganya, imenyamaza tu.

Na wavu nao unapunguza jua. Kiasi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa duka amekuja kupima. Mtu wa maneno machache. Anapima upana wa dirisha mara tatu, juu, katikati na chini, kisha anachukua kipimo kidogo. Nikamuuliza kwa nini asichukue cha kati, kwa haki. Akasema pazia halijui haki, likikwama limekwama. Ameona pia dirisha la chumbani limeinama kushoto. Miaka minane nimelala chini ya dirisha lililoinama bila taarifa.

Akauliza tufunge ndani ya fremu au nje. Anayetaka kulala mchana, alisema, hufunga nje, pazia lizidi dirisha pande zote ili mwanga usipenye pembeni. Nikasema ndani, inapendeza zaidi. Hasa pembeni nataka pabaki upenyo. Hilo la upenyo sikulisema.

Wakati huo mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi, mtandio machoni, mkono mmoja umening'inia mpaka sakafuni. Fundi alipomwona akaanza kunong'ona, akawa anaufunga utepe taratibu usilie. Nikaona aibu kidogo. Imepita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekutana na Fundi Saa bombani. Aliulizia usingizi wa mke wangu. Kwanza nikashtuka: nani kamwambia? Kumbe habari iko uani kote. Akasema saa zote za ukutani zinazogonga, zilizoko kwake kwa matengenezo, amezifunga ndimi kwa vitambaa. Hazilii tena kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane, Sista apumzike. Amefanya hivyo tangu mwezi uliopita.

Kampeni chafu hii! Anampaka mpiga kura wangu mafuta kwa mgongo wa chupa, tena ndani ya nyumba yangu. Nimeandika kwenye faili, ukurasa mpya: "Saa zilizonyamazishwa, kwa nia isiyojulikana."

Jumatatu, 10 Machi

Mapazia yamefungwa mchana, mke wangu akiwa kwenye mafunzo hospitalini, akitoka huko anaingia zamu moja kwa moja. La A sebuleni, la B chumbani. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mimi ndiye mwenye oda. Akaandika kitu kwa penseli kwenye fomu yake, akaondoka.

Saa kumi nikaanza kazi. Kiti, daftari, upenyo. Wavu ni ajabu! Fundi Saa namwona kama yuko mezani kwangu. Taarifa ya saa kumi hadi saa kumi na mbili: amefungua saa moja. Amepoteza skrubu. Ameitafuta chini ya meza. Amekuja mama wa duka la chini, akaacha saa ya mkononi, wakacheka. Ameipata skrubu. Hakuna ahadi zilizoonekana. Mtu mjanja sana.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu amerudi akiwa na furaha. Aliingia chumbani akavuta mnyororo mwenyewe, taratibu. Pazia likashuka. Jua nalo likaendelea na shughuli zake.

Aliniuliza kama hili ndilo giza. Nikamweleza kuwa kitambaa kipya kina mambo yake, matundu hujikaza kadiri siku zinavyokwenda, wiki moja tu kitashikamana. Sijui maneno haya yalitoka wapi. Yalikuja yamepangika vizuri. Akaomba stakabadhi. Nikampa. "Giza moja." Akaisoma mara mbili, akasema basi wametuuzia kitu kibovu. Nikasema wafanyabiashara wa siku hizi hawaaminiki.

Amelala kwa muda wa saa moja na nusu. Alipoamka alikuwa na alama ya mtandio kuzunguka kichwa. Amekunywa chai. Jioni akaenda kazini.

Jumatano, 12 Machi

Hotuba. Zimebaki siku nne.

Kioo kikubwa kiko kwenye kabati la chumbani. Mke wangu alipotoka saa kumi na mbili na nusu nikashusha pazia kwa usiri, nikawasha taa, nikaanza mazoezi. Fulana na taulo tu, maana koti nalihifadhi kwa siku yenyewe. Nimefanyia kazi sehemu tatu. Kwanza, mshangao: jina langu linatajwa, narudi nyuma nusu hatua, mkono kifuani, "Mimi?" Pili, unyenyekevu: nawapa mkono wapiga kura. Nimelitundika koti mlangoni, nikalipa mkono mara kumi na mbili, kila mara kwa uso tofauti. Tatu, machozi. Haya magumu. Yalitoka nilipokumbuka ule mkutano ambao hakuja mtu.

Katikati nilichungulia nje kupitia wavu. Sikuona chochote ila sura yangu mwenyewe. Nadhani umeme umekatika upande wa pili. Usalama mtupu.

Alhamisi, 13 Machi

Upepo umebadilika! Asubuhi kila niliyepishana naye uani amenisalimia kwa tabasamu. Mama wa duka la chini alinipa chenji, akarudi nyuma nusu hatua, akaweka mkono kifuani. Ishara yangu kabisa. Watu wenye lengo moja hufanana hata mienendo. Watoto wana mchezo mpya: mmoja anasimama juu ya ndoo, wengine wanampigia makofi, naye anajifuta machozi. Sijui wameutoa wapi. Elimu ya uraia imefika mbali.

Jioni, mazoezi ya pili. Nimeongeza kipengele cha kukataa kwanza, kisha kukubali. Nilisikia viti vikiburutwa nje, na mtu akikohoa. Nilipomaliza machozi, mahali fulani yakapigwa makofi. Runinga ya mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa utaratibu wa matukio.

Jana mke wangu, alipokuwa anakwenda kazini, alikumbuka kituoni kwamba amesahau kitambulisho. Akarudi. Uani akakuta watu wamekaa kwenye viti, wengine wana bakuli za karanga, wote wanatazama juu. Akatazama na yeye. Akasimama pale mpaka sehemu ya machozi. Fundi Saa peke yake alikuwa amefunga dirisha lake na kuwaomba watu waondoke, hawakumsikiliza. Mke wangu hakupanda juu. Alikwenda kazini bila kitambulisho.

Asubuhi alipotoka kazini akaenda kwanza kwa Mama Mapazia na stakabadhi, amgombeze kwa kitambaa kibovu. Mama Mapazia akatoa fomu. Mbele ya A na B, yule fundi wa maneno machache alikuwa ameandika kwa penseli: "sebule", "chumba". Mke wangu akaomba radhi. Anasema hajawahi kuomba radhi akiwa amechoka vile.

Alifika nyumbani nikiwa nafunga tai. Akakaa kitandani na mkoba mapajani. Akanieleza habari ya wavu: mchana unawaona, jioni ukiwasha taa wanakuona wao. Nikasema huo ni upungufu ambao duka lilipaswa kuuandika. Akasubiri nimalize.

"Kila mtu uani anajua rangi ya taulo lako," alisema. "Hilo lako. Langu ni moja. Giza lilikuwa humu ndani siku nne, na wewe ulikuwa unajua lilipo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akachukua mkeka akaenda kulala sebuleni, chini, pazia la A limeshushwa. Nilipiga simu ofisini nikasema naumwa, na haikuwa mbali na kweli. Alilala saa mbili tu, kwa sababu sebule ndiyo njia ya jikoni na ya choo, nami nilihitaji vyote viwili, na runinga pia niliiwasha, ingawa sauti chini. Alipoamka akaanza kupanga nguo kwenye begi. Kesho, alisema, anakwenda kwa dada yake. Nikamwambia tubadilishane mapazia basi, A na B, kazi ya dakika kumi. Nikapanda kwenye kiti na bisibisi. Pazia la sebuleni limezidi dirisha la chumbani kwa viganja viwili. Haliingii ndani ya fremu hata ulibembeleze.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa. Nyumba hii bila yeye ni masijala.

Kwa kumbukumbu tu: watazamaji jana, kwa hesabu ya mke wangu, walikuwa kama thelathini. Hakuna mgombea aliyewahi kufikia thelathini kwa jioni moja.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Mke wangu katoka zamu, begi liko mlangoni. Hodi. Fundi Saa, na mashine yake ya kutobolea ukuta, na kisanduku cha skrubu.

Alisema samahani kwa kuingilia ya watu. Mama wa duka la chini alikuwa amemwambia Sista anahama kwa sababu ya dirisha. Akaomba kuliona. Akapima kwa shubiri, akatazama pazia la sebuleni nililoliegemeza ukutani, akauliza kwa nini tunahangaika na ndani ya fremu. Lifungwe nje, ukutani. Lililozidi dirisha ndilo zuri, litafunika pembeni zote. Jambo hilo nilikuwa nimeambiwa na mtu mwingine, lakini kwa sauti ya chini.

Dakika kumi na tano. Nilishika ngazi. Mke wangu akavuta mnyororo, na chumba kikazimika. Sikuona mkono wangu. Kisha nikasikia kitanda kikilia, na mke wangu akasema gizani, "Begi lirudisheni kabatini." Tulipofika mlangoni alikuwa ameshalala, kwa viatu.

Fundi Saa alimvua viatu? Hapana, alinikonyeza nimvue mimi. Nikamvua. Alikataa chai. Alikataa hata ahsante, alisema ni skrubu sita tu.

Amelala mpaka saa kumi na moja jioni. Ameamka na uso ambao sijauona tangu mwaka jana. Amenipikia. Alikuwa anaimba kidogo jikoni. Mimi nimefurahi, nakiri. Ningefurahi zaidi ingekuwa mashine yangu. Jioni amekwenda kazini.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano saa nane mchana. Nilivaa koti. Fundi Saa alizungumza dakika moja: bomba, taa za ngazi, takataka. Mimi nilizungumza dakika ishirini na mbili. Nilipofika kwenye mshangao, waliokuwa mbele walirudi nyuma nusu hatua pamoja nami. Kwenye unyenyekevu walipeana mikono wenyewe kwa wenyewe. Kwenye machozi, umati wote ulijifuta. Sijawahi kuona hadhira iliyojiandaa hivyo.

Matokeo: Fundi Saa thelathini na nne. Mimi moja.

Moja! Nimeihesabu mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye katibu. Mke wangu hakuja. Alitoka zamu asubuhi, akaahidi ataamka saa saba na nusu. Hakuamka. Amelala tangu saa mbili na robo.

Nimerudi nyumbani, nikaenda kumpa habari. Nilifungua mlango wa chumbani, nikagonga goti kwenye kitanda. Hakusikia. Nilisimama gizani, nikamsikia akipumua, pole pole, bila kushtuka. Ni sauti niliyokuwa nimeisahau. Pale, kwa dakika nzima, sikuona kama nimeshindwa kitu.

Dakika ya pili ndipo nikaliona.

Mpiga kura wangu amekosa kura kwa sababu ya usingizi. Usingizi umeletwa na pazia. Pazia limefungwa na mgombea mpinzani, kwa mashine yake mwenyewe, siku moja kabla ya uchaguzi! Skrubu sita ni ushahidi, ziko ukutani. Nimeshaandika pingamizi, kurasa nne, nakala tatu. Ya kwanza inabidi niipeleke leo hii kwa mwenyekiti anayemaliza muda wake, kabla ya saa kumi na moja. Baada ya hapo halipokelewi.

Pingamizi linahitaji sahihi ya shahidi: yule aliyelazwa na pazia. Sasa ni saa kumi kasorobo. Kalamu ninayo, tochi ninayo. Naenda kumwamsha aweke sahihi. Ni sahihi moja tu, haitachukua hata dakika.